Ugonjwa wa siliaki: mwongozo kamili wa kula bila gluteni katika jiko la nyumbani

Mwanangu wa pili alipofika miaka 7, tumbo lilikuwa limemtuna na miguu imemwisha nyama, na sisi hatukuwa nyumba ya kulala njaa. Alitibiwa amiba, akatibiwa minyoo, akatibiwa taifodi mara tatu. Alipewa dawa za kuongeza damu, damu ikapanda, baada ya miezi miwili ikashuka tena. Chakula alichokipenda kuliko vyote kilikuwa chapati, na bibi yake, mama yangu mzazi, alimpikia karibu kila jioni ili arudishe mwili. Jibu lilipopatikana mtoto alikuwa na miaka 9: ana ugonjwa wa siliaki, na chapati zile zile ndizo zilizokuwa zikimmaliza.

Mengi ninayoyaandika hapa nimeyajua kwa kukosea kwanza. Nayaweka kwa mpangilio ambao ningetamani mtu anipe siku ile tuliporudi na karatasi ya majibu, nikasimama jikoni sijui nianzie wapi. La kwanza la kukutuliza ni hili: chakula chetu cha asili karibu chote kiko upande wako. Ugali wa mahindi, wali, muhogo, ndizi, viazi, maharage, samaki, nyama, maziwa, vyote havina gluteni. Kinachomwangusha mgonjwa huku kwetu ni mchanganyiko: kinu kilichosaga ngano asubuhi, kijiko kimoja cha unga kilichotiwa kwenye mchuzi uwe mzito, mafuta yaliyokwisha kukaangia sambusa. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hilo.

## Kinachotokea tumboni

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, hii ya mwisho ikiwa nafaka ya nchi za baridi. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Kwa mwenye siliaki, protini hiyo ikifika kwenye utumbo mwembamba, kinga ya mwili inaamka na kuushambulia utumbo wenyewe. Ukuta wa utumbo una vinyweleo vidogo sana, laini kama mahameli, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Vikishambuliwa muda mrefu vinalala na kufutika. Mtoto anakula, sahani inaisha, chakula kinapita tu.

Ndiyo maana dalili zimetawanyika mwili mzima. Wako wanaoharisha na wako wanaofunga choo. Tumbo kujaa gesi, choo kingi chenye mafuta na harufu kali, upungufu wa damu usiosikia dawa, udumavu, vidonda vya mdomoni vinavyorudi, uchovu, mifupa dhaifu, kuchelewa kushika mimba. Wengine hutokwa malengelenge madogo yanayowasha mno kwenye viwiko, magoti na makalio. Na wapo ambao tumbo haliwasumbui hata kidogo, ila damu haipandi.

Huu si mzio wa kawaida wa kuvimba midomo na kumeza kidonge. Ni ugonjwa wa kudumu, hauambukizi, na dawa yake iliyothibitishwa mpaka sasa ni chakula chenyewe: kuacha gluteni kabisa, maisha yote. Dunia ilichelewa kumjua mkosaji. Daktari Mwingereza Samuel Gee aliueleza ugonjwa mwaka 1888, lakini aliyeikamata ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikwisha kuushuku mkate, na njaa iliyoipiga Uholanzi majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 ikamzidishia yakini: mkate ulipoadimika watoto wake wagonjwa walipata nafuu, uliporudi wakaugua tena. Alichapisha kazi yake mwaka 1950.

Utaambiwa kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Mimi niliambiwa, na kwa sababu hiyo tulipoteza miaka miwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu Wasaharawi wa Sahara Magharibi ulikuta zaidi ya watoto 5 kati ya kila 100 wanao, ilhali wastani wa dunia ni karibu mtu 1 kati ya 100. Wasaharawi ni watu wa Afrika hii hii.

## Pima kwanza, ndipo uache ngano

Hapa naomba usome taratibu. Ukishuku siliaki, usiache ngano kabla ya kupimwa. Najua moyo wa mzazi unavyosukuma. Mimi nilikwisha kumwondolea mtoto mkate kwa wiki tatu kabla daktari hajanizuia. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili unazitengeneza ukiwa unakula gluteni. Ukiacha, zinapungua, na jibu litasema hana ugonjwa wakati anao. Aliyekwisha kuacha hutakiwa kurudia kula ngano kila siku, katika zaidi ya mlo mmoja, kwa wiki 6 au zaidi, daktari akijua, ndipo apimwe.

Kipimo cha kuomba kinaitwa tTG-IgA, na kiende pamoja na kiwango chote cha IgA mwilini, yaani aina mojawapo ya kingamwili. Wapo watu ambao IgA yao ni ndogo tangu kuzaliwa, na kwao tTG-IgA peke yake inadanganya. Andika majina hayo kwenye karatasi uende nayo, kwa sababu vituo vidogo havipimi. Ulizia hospitali za rufaa na maabara kubwa, na uulize pia kama wanatuma sampuli kwingine na majibu yanachukua siku ngapi. Omba na choo kipimwe kwa makini, maana vijidudu vya giadia huleta picha inayofanana sana na hii.

Damu ikionyesha, mtu mzima hufanyiwa endoskopi: mpira mwembamba wenye kamera unapitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, na vipande vidogo vya nyama vinachukuliwa kuangaliwa kwa hadubini. Kwa mtoto, miongozo ya Ulaya ya mwaka 2020 inaruhusu kutoa jibu bila endoskopi iwapo kingamwili zimevuka kiwango cha kawaida mara 10 au zaidi na kipimo cha pili cha damu kimekubaliana. Hilo lizungumze na daktari wako.

Mmoja akipatikana, wapimeni wazazi wake na ndugu zake wa tumbo moja, hata wasio na dalili. Kwa ndugu wa karibu hivyo ugonjwa hupatikana kwa takriban mtu 1 kati ya 10. Wenye kisukari cha aina ya kwanza na wenye matatizo ya tezi ya shingo nao wana uwezekano mkubwa kuliko wengine.

## Maneno matatu ya kuyajua vizuri

Ngano inajulikana, lakini ina majina mengi. Atta, maida, suji, semolina, unga wa chapati, unga wa keki, tambi, makaroni, spageti, bulguri, kuskusi: zote hizo ni ngano. "Brauni" haiifanyi kuwa salama. Wagonjwa wa kisukari mara nyingi hushauriwa ugali wa atta, na shangazi mwema anaweza kukupikia huo huo akidhani anakusaidia.

Shayiri ndilo neno linalotuponza. Kwa asili ni nafaka ile ya bia, na ina gluteni. Lakini watu wengi wanaita shayiri pia ile oti ya pakiti inayopikwa uji. Oti safi yenyewe wagonjwa wengi wanaivumilia, ila oti ya kawaida ya dukani huwa imechanganyika na ngano tangu shambani na kiwandani. Shauri langu: mwaka wa kwanza usiiguse kabisa, iwe imeitwa oti au shayiri. Baadaye, utumbo ukishapona, jaribu ile iliyoandikwa kwamba haina gluteni, kwa kushauriana na daktari.

Kimea ni nafaka iliyooteshwa, na swali ni nafaka gani. Kimea cha ulezi kinachotiwa kwenye togwa ni halali kwako. Kimea cha shayiri, ambacho kimo ndani ya bia na ndani ya vinywaji vya unga wa kakao wanavyopewa watoto kwa ajili ya nguvu, kina gluteni. Tulikuwa tumemwachisha mtoto chapati, na kila asubuhi tunampa kikombe cha kinywaji hicho. Miezi minne.

Kwenye pakiti nyingi maneno yatakuwa ya Kiingereza, kwa hiyo yakariri yalivyo: wheat (ngano), barley (shayiri), rye (rai), malt (kimea). Ukiona moja kati ya hayo, rudisha pakiti rafuni. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka chakula kinachojiita hakina gluteni kisizidi miligramu 20 katika kila kilo moja. Kuandikwa kwamba hakina ngano hakutoshi, maana shayiri inaweza kuwemo.

Nafaka na vyakula vya wanga vilivyo halali kwako ni mahindi, mchele, mtama, uwele, ulezi ambao Kenya huitwa wimbi, muhogo, viazi vya aina zote, magimbi, ndizi, mashelisheli, dengu, choroko, kunde, mbaazi na soya. Ukiwa Kampala, matoke ni yako. Ukiwa Bukavu, bugali wa muhogo na sombe ni vyako.

## Kinu cha mtaani

Sehemu hii nitakaa nayo, kwa sababu sijaona ikielezwa popote na ndiyo iliyotutesa zaidi.

Baada ya miezi sita bila ngano, kingamwili za mwanangu zilikuwa zimeshuka kidogo tu. Nilikasirika, nikalia, nikaapa kwamba hali kitu kibaya. Mtaalamu wa lishe akaniuliza swali moja: unga unasaga wapi? Nikamjibu, mashine ya mtaani. Akaniambia niende nikakae pale nusu siku nitazame. Nilikaa. Akaja mama na mahindi yake, akafuata mwingine na debe la unga wa lishe, mahindi, soya, karanga, ulezi na ngano ndani yake, akafuata kijana na ngano tupu ya banda la chapati, kisha mahindi tena. Kati ya mmoja na mwingine fundi anagonga mfuko mara mbili, basi.

Kwa hiyo, kwanza, usinunue unga wa lishe uliokwisha kuchanganywa. Mara nyingi ngano imo, na hata muuzaji akisema haimo, vinu vyake ni hivyo hivyo. Nunua nafaka nzima, kila moja peke yake. Zimwage kwenye sinia, zichambue kwa mkono, uzipete kwenye ungo wako, uzioshe, uzianike juu ya mkeka ambao haujaanikiwa ngano. Punje za ngano kwenye ulezi zinaonekana ukiwa na subira, maana ulezi ni mdogo na mwekundu. Kwenye mchele zinajificha zaidi.

Pili, ukipata nafasi, saga nyumbani. Mashine ndogo ya umeme ya kusagia viungo inasaga mchele uliolowekwa na kukaushwa, na kinu na mchi wa mti havijawahi kuniangusha. Ikibidi kwenda mashineni, zungumza na fundi. Mimi nilimweleza kwa utulivu kwamba mtoto akila hata vumbi la ngano anaumwa, na nikamwomba anipokee wa kwanza siku ya Jumatatu baada ya kufagia kinu. Napeleka kilo mbili za mahindi ya bei nafuu zitangulie kusafisha, hizo napewa kando kwa ajili ya kuku, kisha ndiyo nafaka yetu inaingia. Mfuko wa kupokelea unga ni wangu. Hakuna aliyenicheka; fundi yule sasa hunikumbusha mwenyewe. Si usafi wa asilimia mia, na kwa mgonjwa mpya ambaye utumbo bado mbichi naona ni bora kusaga nyumbani, au kununua unga kutoka kiwanda ambacho umekiuliza na kikakujibu kwamba hakisagi ngano kwenye mashine hizo hizo.

Ulizia uchache wenyewe, utaelewa kwa nini nasumbuka. Kwa wagonjwa wengi kiasi kinachoonekana salama ni chini ya miligramu 10 za gluteni kwa siku nzima. Kipande kimoja cha mkate kina gramu 2 hivi. Gawanya kipande hicho mara mia mbili, na chembe moja inayobaki ndiyo mpaka.

## Jiko moja, watu wawili

Nyumba yetu haikuacha chapati kabisa, na sikulazimisha. Baba watoto anazipenda, na wadogo wanazihitaji. Lakini tulitenganisha.

Vifaa vya mti vinanyonya: mwiko, kibao cha chapati, kifimbo chake, mbuzi ya nazi. Nilinunua vipya na kuvifunga kitambaa cha kijani. Kila chenye kijani hakigusi ngano. Chekeche na kichujio cha tambi huwezi kukisafisha kikatoka, nunua kingine. Sufuria za alminiamu na za chuma zikisuguliwa kwa sabuni zinatosha. Kikaango kilichokwaruzika, hapana. Siagi na asali tuna kopo mbili, kwa sababu kisu kilichopaka mkate kinarudi na chembe. Mafuta yaliyokaangia maandazi hayakaangi tena muhogo wa mtoto.

Unga wa ngano unaruka. Ukichekecha, vumbi linakaa hewani na kutua juu ya kila kitu. Basi siku ya chapati kwetu ni Jumapili alasiri, uani, chakula cha mtoto kikiwa kimekwisha kupikwa na kufunikwa. Ukiwa na jiko la mkaa moja, pika chake kwanza siku zote.

Dada wa kazi, wifi, mgeni, wote wanahitaji kuelezwa upya, bila ukali. Mama yangu ilimchukua muda. Aliona kama namnyima mjukuu wake. Kilichombadilisha ni siku nilipompa kazi badala ya makatazo: nilimwomba anikumbushe namna walivyokuwa wakipika mkate wa mchele alipokuwa msichana, wakati ngano ilikuwa ya sikukuu. Tangu siku hiyo yeye ndiye mlinzi mkali kuliko mimi.

## Mitego ya mezani na barabarani

Chapati, maandazi, mahamri, sambusa, kalimati, keki na mkate wa ufuta vinajitangaza vyenyewe. Vinavyojificha ndivyo vya kuvihofia.

Bokoboko ni ngano tupu iliyopondwa na nyama, ingawa kwa macho ni kama uji wa mchele. Shurba ya Ramadhani hupikwa kwa ngano, shayiri au oti. Urojo wa Unguja uzito wake unatokana na unga wa ngano, ukiacha katlesi na bajia zilizomo ndani. Viazi karai na kachori vinavikwa rojo la unga, mara la dengu, mara la ngano, mara vyote viwili kwa sababu dengu ni ghali. Katlesi na kababu hutiwa chenga za mkate. Samaki wa kukaanga wa barabarani mara nyingi amegaragazwa kwenye unga wa ngano ili asishike karai. Soseji hujazwa unga. Halua, uliza imepikwa kwa wanga wa nini.

Vitumbua, vibibi na mkate wa kumimina asili yake ni mchele, lakini wauzaji wengi huongeza ngano kidogo ili vishikane. Kwa muuzaji usiyemjua, acha.

Kwenye viungo, mtego mkubwa ni mvuje. Ule wa unga unaouzwa kwenye vikopo kwa kawaida umeongezwa unga wa ngano; tafuta ule wa gundi wenyewe, au uache. Viungo vya mchuzi vya pakiti na vidonge vya supu visome kila unaponunua, kwa kuwa mapishi ya kiwandani hubadilika bila kengele. Sosi ya soya ya kawaida imetengenezwa kwa ngano, nayo hutiwa kwenye mishkaki na kuku wa kuchoma. Binzari, iliki, mdalasini na pilipili manga nunua nzima usage mwenyewe. Hamira kavu kwa kawaida haina shida. Hamira ya poda ya keki soma, maana nyingine ina wanga wa ngano. Dawa za hospitali ni mara chache kuwa na wanga wa ngano, lakini mwulize mfamasia.

Kwa mama lishe, usiseme "gluteni". Atatikisa kichwa kwa heshima na hatajua umesema nini. Sema: "Mama, samahani, mimi ngano inaniumiza tumbo vibaya, hata unga kidogo kwenye mchuzi. Mchuzi huu umetiwa unga? Mafuta haya yamekaangia nini?" Kisha chagua vya kuchemsha au vya kuchoma: wali, maharage, ndizi za kuchoma, samaki wa kupaka, mayai ya kuchemsha. Chipsi ni viazi tu, ila uliza karai linakaanga nini kingine.

## Shule, sherehe na ibada

Shuleni andika barua, ambatisha nakala ya cheti cha daktari, na uzungumze na mpishi uso kwa uso pamoja na mwalimu wa darasa. Uji wa shule huwa wa lishe; mwanangu hubeba chupa ya moto ya uji wake. Kwa wadogo, udongo wa kuchezea wa viwandani na gundi ya kupikwa kwa unga mara nyingi huwa na ngano, na vidole vinaingia mdomoni. Shule ya bweni sijampeleka, na sitampeleka mpaka aweze kujisemea mwenyewe.

Harusini pilau na biriani kwa kawaida ni salama, hatari ni kijiko kinachohama kutoka sinia ya sambusa. Pakua mapema kabla sinia hazijaguswa. Siku ya kuzaliwa ya rafiki, tuma na kipande cha keki ya mtoto wako, ili asibaki mikono mitupu wenzake wakikata.

Ramadhani kwetu imekuwa nyepesi kuliko nilivyodhani: tende, muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mzuzu, uji wa mchele wa pilipili manga, vyote halali kwake. Tambi na kalimati tu ndizo tunazikalisha upande wa pili.

Majirani zetu Wakatoliki wana binti mwenye hali hii, na walihangaika na komunyo. Kanisa Katoliki halikubali hostia isiyo na ngano kabisa, lakini linakubali ile yenye gluteni kidogo sana, na maelekezo ya Vatikani ya mwaka 2003 yaliruhusu pia mgonjwa kupokea divai peke yake. Muhimu ni kwamba padri hudondosha kipande cha hostia ndani ya kikombe wakati wa Misa, kwa hiyo binti yule hutengewa kikombe chake. Mwone paroko mapema, asubuhi ya Misa atakuwa hana nafasi.

## Lishe, na kufuatilia hospitali

Utumbo wa mtoto hupona ndani ya miezi. Wa mtu mzima unaweza kuchukua miaka miwili au zaidi. Mwanzoni maziwa yasiyogandishwa yanaweza kumsumbua kwa sababu utumbo uliochubuka haumeng'enyi sukari ya maziwa vizuri. Mtindi huvumilika zaidi, na maziwa mara nyingi hurudi baadaye.

Damu ipimwe tena baada ya miezi 6, kisha mwaka, kisha kila mwaka: kingamwili, madini ya chuma, asidi ya foliki, vitamini B12 na vitamini D. Kingamwili zisiposhuka, ngano inaingia mahali. Anza na kinu.

Ulezi ni hazina kwa mifupa. Gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi. Ongeza dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Kwa damu, kisamvu, mchicha, maharage na maini, ukamulie limau juu yake, na chai ya rangi isubiri saa moja baada ya chakula kwa sababu inazuia madini ya chuma. Kwa kuwa sasa utakula mahindi na muhogo zaidi kuliko wengine, uvichague vizuri: mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, na muhogo mchungu lazima ulowekwe na kukaushwa ipasavyo kabla ya kusagwa. Zungusha vyakula wiki nzima, usimlishe dona siku saba.

Akila ngano kwa bahati mbaya, hakuna dawa ya kuitoa. Maji mengi, au maji ya chumvi na sukari ya hospitali kama anaharisha, chakula laini, mapumziko. Usimgombeze. Mtoto anayegombezwa huficha, na ukijua alichokula ndipo unapojua pa kuziba.

## Ukiwa ughaibuni

Ndugu wa Ulaya na Marekani wana bahati ya rafu nzima za vyakula visivyo na gluteni, ingawa ni ghali. Mtego wao ni ugali: wengi hupika ugali kwa semolina unga wa mahindi unapokosekana, na baadhi ya fufu za pakiti zina semolina pia. Mkialikwa kwa Waswahili wenzenu, ulizeni ugali ni wa nini. Oman na Ghuba, harisi ni bokoboko lile lile kwa jina jingine.

## Mkate wa kumimina wa mama yangu

Chambua na kuosha vikombe 2 vya mchele, uloweke usiku kucha. Asubuhi chuja, usage kwenye blenda na kikombe kimoja na nusu cha tui zito la nazi mpaka ukilisugua rojo kati ya vidole usisikie chenga. Tia sukari robo tatu ya kikombe, hamira kavu kijiko 1 cha chai, iliki ya kutwanga na chumvi kidogo, saga tena kidogo. Funika, uache mahali penye joto, saa moja hivi, mpaka povu lipande. Piga yai moja peke yake, lichanganye polepole kwa mwiko.

Paka sufuria yenye kitako kizito mafuta ya nazi, ipashe moto mpaka tone la rojo likidondoshwa litoe mlio, ndipo umimine. Rojo likiwa zito mno, mkate utatoka mgumu; liwe kama uji mwepesi. Moto mdogo chini kwa dakika kama 10, matundu yakijitokeza juu weka makaa kwenye mfuniko, au uingize kwenye oveni, mpaka uso ushike rangi ya dhahabu na kijiti kikichomwa kitoke kikavu.

Uache upoe kabisa kabla ya kuukata. Hauna gluteni ya kuushika, kwa hiyo ukiukata wa moto unakatika vipande na katikati unanata kisuni; ukipoa unatulia, na kipande kinabebeka mpaka shuleni.